Ya Mwaka Jana Mingapi i Hai?

Tss! Hebu liacheni hilo bao kidogo, mnisikize. Nyinyi vijana wa Likoni mwanipa raha na kunitia uchungu kwa pamoja. Mwarudi kutoka Mtongwe, tope mpaka magotini, mwasema mumepanda mikoko mingi kuliko mwaka jana. Haya, hongereni, na nasema kwa moyo mmoja. Lakini ile ya mwaka jana, mingapi i hai? Nimeuliza hapa maskani, watu wakatazamana.

Hapo ndipo ninaposonya. Daftari la kikundi nimelifungua: tarehe, mahali, idadi ya miche, majina ya waliohudhuria. Ukurasa baada ya ukurasa ni kupanda tu, hata mstari mmoja wa kurudi kutazama haumo!

Wala si nyinyi peke yenu. Nchi nzima inalenga miti bilioni 15 kufikia 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 tukapewa na sikukuu, kila mtu akapande. Kukatolewa na programu ya simu, JazaMiti, uandike umepanda nini na wapi. Ni jambo jema. Ila mti ukishaandikwa siku ya kupandwa, nani ataandika siku ya kufa kwake?

Na mkoko hufa upesi ukiwekwa pasipo pake. Pale palipo wazi, bamvua huung'oa. Kwengine taka za mjini huulalia, au tope huuzika. Hata miti mikubwa haisalimiki: mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliteremsha tope jingi kule Mwache, upande wa juu wa Port Reitz, msitu ukafia pale pale uliposimama. Sasa kama hamwendi kuhesabu, mutajuaje kwamba mwaka huu mumerudia kupanda pale pale palipoua miche ya mwaka jana? Jasho lenu laniuma, wallahi.

Pandeni matatu mushukie Gazi, Kwale, si mbali. Kikundi cha huko, Mikoko Pamoja, wanauza kaboni inayohifadhiwa na msitu wao wa hekta 117, tangu 2013. Mnunuzi hawapi pesa kwa picha za watu walioshika miche. Sharti miti ipimwe, sehemu zile zile, unene na urefu, na hesabu ikaguliwe na watu wa nje. Wanakijiji wenyewe wamo katika kazi hiyo, pamoja na wataalamu wa taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI. Pesa zikaleta maji kijijini na vitabu shuleni. Mwaka 2017 Umoja wa Mataifa ukawapa Tuzo ya Ikweta. Watu wa kijiji, kama sisi!

Chama chenu cha bodaboda nacho kina ugonjwa huo huo wa daftari lenu la mikoko. Kila Jumapili mweka hazina husoma nani ametoa na nani hajatoa. Mulianza kwa nia kwamba kila mmoja aachane na pikipiki ya tajiri, anunue yake. Mbona hilo halisomwi? Wangapi wameshanunua? Aliyekopa amefika wapi? Mtu aweza kutoa pesa kila wiki bila kukosa na asisogee hata hatua.

Kwa hivyo leo kabla hamujaondoka, pigeni mistari mipya kwenye hilo daftari la mikoko. Miche iliyo hai baada ya miezi mitatu, baada ya sita, baada ya mwaka. Iliyokufa, na sababu iandikwe, hata kama sababu ni sisi wenyewe. Na anayekwenda kuhesabu asiwe yule aliyepanda, maana mkono uliopanda huona uhai hata kwenye kijiti kikavu. Maji yakitoka bamvua lijalo, wawili waende Mtongwe na kalamu. Nani anakwenda? Semeni sasa hivi, niandike majina.