Vumbi la Manjano Kaloleni

Baba mkwe aliinunua ploti ya Kaloleni enzi ambazo rangi ya mafuta ilikorogwa kwa kijiti na hakuna mtu Kisumu aliyeuliza kopo lina nini ndani. Nyumba ni ya kale: kuta nene, milango mirefu ya mbao, madirisha yenye shata. Kila kizazi cha wapangaji kimeacha tabaka lake. Chini kuna kijani, juu yake buluu, na juu ya yote manjano kali ambayo mpangaji mmoja mvuvi aliileta baada ya kumaliza kupaka mashua yake. Mwaka huu rangi ilianza kubanduka, wapangaji wakanung'unika, na baba mkwe, Jaduong' kama sote tunavyomwita, akaamua nyumba ing'ae kabla ya Krismasi.

Fundi aliletwa na shemeji. Alikuja na grainda ya umeme, akaeleza kwamba fremu zikikwanguliwa hadi mbao itokee, rangi mpya itashika miaka mingi. Akawasha mashine. Kufika saa nne, ua wote ulikuwa umegeuka manjano: nguo kambani, ndoo za maji, sufuria ya uji iliyokuwa inapoa kizingitini. Kule nyuma, mama wa chumba cha mwisho alikuwa ameanika upya omena wake wa biashara baada ya mvua kuwalowesha. Alipotoka kuwageuza, aliwakuta wamefunikwa na unga mwembamba.

"Jaduong', omena wangu!" alilia. "Mtaji wote uko hapo kwenye neti!"

"Waoshe, mama. Vumbi ni vumbi."

Mimi ni mhamasishaji wa afya ya jamii, na kwa kawaida sibishani na baba mkwe mbele ya wapangaji. Siku hiyo nilichomoa waya wa grainda ukutani. "Baba, hili halioshwi likaliwa. Rangi hizi za zamani zina madini ya risasi."

Mama mkwe ndiye aliyeniokoa. "Mwacheni nyar Asembo aseme," alisema akimaanisha mimi, akavuta kiti. Fundi naye akakaa juu ya ndoo yake.

Nilianza na kisa wanachokijua kupitia redio. Kule Mombasa, katika kijiji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kuanzia 2007 hadi 2014. Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa hapo, aligundua mwanawe ana risasi mwilini, akaanza vita vilivyompa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu ikauthibitisha uamuzi huo Desemba 2024. Kila mtu pale uani alikubali kwamba moshi wa kiwanda unaua. Kilichokuwa kigumu kuaminika ni kwamba madini yaleyale yanaweza kuwa kwenye dirisha la chumba unacholala.

Nikawaonyesha. Rangi za manjano, nyekundu na kijani zilipata ukali wake kutokana na viambato vya risasi, na risasi nyingine ilitiwa ili rangi ikauke haraka. Ikiwa nzima ukutani, haimfuati mtu. Siku inapobanduka au kukwanguliwa ikiwa kavu, inakuwa vumbi, na vumbi linashuka sakafuni, mahali mtoto anapotambaa. Mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kwa kiasi kilekile alichomeza. Mwili huidhania kuwa kalsiamu, ukaihifadhi kwenye mifupa na meno, nayo huharibu ubongo unaokua bila homa wala kikohozi cha kumshtua mama. Hili halijagunduliwa jana: huko Brisbane, Australia, daktari Lockhart Gibson aliandika mwaka 1904 kwamba watoto aliowatibu walikuwa wanasumishwa na rangi ya veranda za nyumba zao.

Nikiwa bado nazungumza, mama mkwe alinyanyuka ghafla. Mwanangu wa mwisho alikuwa amesimama chini ya dirisha la sebule, anabandua rangi kwa ukucha, gamba baada ya gamba, kama mtu anayepara ngege. Kidole kimoja kilikuwa kinywani. Rangi ya risasi ina utamu, ndiyo maana mtoto akiionja huirudia.

Hapo mjadala uliisha. Tulimpeleka kupimwa damu, na majibu yalivuka mikrogramu 5 kwa desilita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe na kuondolewa. Daktari alisema hahitaji dawa. Anahitaji kuwekwa mbali na vumbi, kuoshwa mikono kila mara, na kula vyakula vyenye madini ya chuma na kalsiamu. Omena, wanaoliwa pamoja na mifupa yao, wakawa tiba ya nyumba yetu, ila wale wa siku ile Jaduong' aliwalipia wote na tukawafukia.

Kazi ilianza upya, kwa utaratibu mwingine. Watoto na mpangaji mmoja mjamzito walihamia kwa ndugu. Sakafu na udongo chini ya madirisha vilitandazwa nailoni. Fundi, akiwa na barakoa nzuri, alilowesha kila sehemu kwa maji kabla ya kuigusa na msasa, wala hakuchoma rangi kwa moto. Hakuna aliyefagia pakavu. Tulipiga deki kwa maji ya sabuni na kubadilisha maji kila chumba. Palipokuwa pazima hatukukwangua, tulipaka juu. Makopo mapya tuliyachagua kwa lebo inayotaja kuwa haina risasi, kwa sababu kiwango cha Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) hakiruhusu zaidi ya sehemu 90 kwa kila milioni.

Lakini kiwango hicho kinasimamia kopo jipya dukani, na nyumba za Kisumu zimebeba tabaka zilizopakwa kabla yake. Marekani ilipiga marufuku rangi ya risasi majumbani mwaka 1978, na sheria yao ya 1992 inamtaka mwenye nyumba ya kabla ya hapo amweleze mpangaji anachojua kuhusu rangi hiyo kabla hajatia sahihi. Kwetu, Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inakataza nyumba kuachwa katika hali inayodhuru afya, na afisa wa afya anaweza kumwandikia mwenye nyumba notisi. Hilo halitoshi, kwa kuwa notisi huja baada ya madhara, na risasi iliyokwisha kuingia kwenye ubongo wa mtoto haina wa kuirudisha nyuma.

Jaduong' hakungoja notisi. Mikataba mipya ya ploti yetu ina kifungu alichokiandika mwenyewe: kwamba chini ya rangi hii ipo ya zamani inayodhaniwa kuwa na risasi, kwamba mpangaji akiona inabanduka aseme siku hiyohiyo, na kwamba ukarabati hufanywa kwa kulowesha rangi kwanza na gharama ni ya mwenye nyumba. Kila anayepokea kodi ya nyumba kuukuu katika mji huu anaweza kuandika sentensi hiyo leo, kabla ya kumwita fundi.