Tumpigie Makofi Mheshimiwa Nyongo

Asidi ya tumbo imetajwa mno mpaka imevimba kichwa. Kiungulia kikikupanda usiku, lawama ni ya asidi. Tangazo la dawa redioni, ni asidi. Jirani anayekushauri unywe maziwa naye anaitaja asidi. Huku nyuma Mheshimiwa Nyongo, aliyechapa kazi ileile bega kwa bega, hakumbukwi hata kwenye salamu za shukrani. Leo tumtendee haki.

Tuanze na wasifu wake. Mheshimiwa huzaliwa kwenye ini, kiasi cha nusu lita hadi lita nzima kwa siku, akahifadhiwa katika kifuko chake cha kijani. Ukila chapati za mafuta au nyama choma, humiminwa mwanzoni mwa utumbo mwembamba, akayasambaratisha mafuta yawe matone madogo yanayosagika. Kazi ikiisha, asilimia 95 hivi ya chumvi zake hufyonzwa mwishoni mwa utumbo huo na kurudishwa kwenye ini zitumike tena. Nionyesheni mtumishi mwingine wa umma anayerejesha asilimia 95 ya alichokabidhiwa!

Heshima yake wapishi wa kuku wanaijua. Kisu kiteleze kidogo tu, kifuko kipasuke, na ini lote hugeuka kijani na uchungu usiotoka hata ulisuuze mara ngapi.

Lakini mwanasiasa aliyekomaa hatosheki na jimbo moja. Kati ya utumbo na tumbo pana mlango wa misuli, na kati ya tumbo na umio pana mwingine; milango hiyo iliwekewa watu wa kawaida. Ule wa chini ukilegea, au mtu akiwa amekatwa sehemu ya tumbo kwa upasuaji, Mheshimiwa hupanda. Wa juu nao ukilegea, huyo anaingia umioni. Huko huunda serikali ya mseto na asidi, na wawili hao wakichanganyika huharibu kuliko kila mmoja peke yake.

Hapa ndipo ustadi wake unapoonekana. Asidi ni mbabe, kazi yake kuchoma. Mheshimiwa hushawishi. Chumvi zake hupenya ndani ya seli, zikachochea kemikali kali za oksijeni zinazojeruhi DNA, kisha zikaamsha jeni ambazo umio haukuwa na shughuli nazo. Mojawapo ni CDX2, ambayo kazi yake halali ni kuziamuru seli ziwe za utumbo. Ukuta wa umio, uliotandikwa seli bapa tabaka juu ya tabaka, huanza kuota seli ndefu zilizosimama wima, na baina yao seli zenye umbo la kikombe zilizojaa ute. Daktari akishusha kamera huona ndimi nyekundu zikipanda juu ya utando uliopaswa kuwa na weupe uliofifia. Nani atasema Mheshimiwa hakuleta maendeleo? Ameugeuza umio ufanane na kwao.

Na tuzo alipewa nani? Hali hiyo huitwa umio wa Barrett, kwa jina la Norman Barrett, daktari mpasuaji wa London. Mwaka 1950 Barrett alidai kwamba sehemu ile ni tumbo lililovutwa kifuani. Mwaka 1953 madaktari Allison na Johnstone wakaonyesha kwamba ni umio wenyewe, na mwaka 1957 Barrett akakubali. Jina likabaki lake; Mheshimiwa hakupewa hata mtaa.

Wapinzani watapaza sauti kwamba analeta saratani. Wasimharakishe; hana pupa. Seli zikishabadilika umbo, huenda zikavurugika kidogo, kisha sana, ndipo ije saratani iitwayo adenokasinoma. Wengi wenye umio wa Barrett hawafiki huko: seli zisipokuwa zimevurugika, hufika chini ya mtu mmoja kati ya 100 kwa mwaka. Tena tusimpe sifa za wengine. Saratani ya umio iliyozoeleka Afrika Mashariki ni ya seli bapa, inayohusishwa na tumbaku, pombe na vinywaji vya moto kupita kiasi.

Wala msidhani omeprazoli imemng'oa. Dawa hiyo hupunguza asidi, nalo ini linaendelea kumzaa Mheshimiwa kama kawaida.

Basi makofi, halafu tumrudishe jimboni. Kama kiungulia kimekuwa mwenzako kwa miaka, na wewe ni mwanamume uliyevuka miaka 50, una kitambi au unavuta sigara, muulize daktari kuhusu kipimo cha kamera. Seli zilizovurugika zikigunduliwa mapema huweza kuondolewa kwa kamera hiyohiyo. Na chakula kikianza kukwama unapomeza, usiongeze vidonge vya duka la dawa, nenda hospitali.