Risasi Bila Risiti: Mwongozo kwa Mlemavu wa Vita Asiyezijua Ofisi

Ndugu yangu, kosa lako la kwanza ulilifanya siku ile ile. Ulipolala kwenye matete kando ya mto Ruzizi, mguu ukichuruzika damu, ulimwita mama yako. Ungemwita karani. Risasi haitoi risiti, na ofisini risiti ndiyo inayosema; mguu hauulizwi.

Sheria ipo, usiogope. Sheria nambari 13/005 ya tarehe 15 Januari 2013 inaeleza hadhi ya mwanajeshi wa FARDC, jeshi la Kongo. Kilichobaki ni kuthibitisha kwamba ulemavu wako ulitokana na kazi, wala si kuanguka mwembeni.

Hapo ndipo sisi wa Luberizi tunapokwama. Baada ya mapatano ya amani ya Pretoria ya Desemba 2002, kambi yetu ilifanywa kituo cha brasaji, yaani cha kuchanganya majeshi. Wakaletwa waasi wa RCD, watu wa serikali na wanamgambo wa Mai-Mai, wakasongwa pamoja kama unga wa muhogo na wa mahindi katika sufuria moja, siku kama 45, wakatoka jeshi moja. Bugali ukishaiva, nani atakuonyesha unga wa mahindi uko upande gani? Kama risasi ilikupata mwaka 1999, karani atauliza ulikuwa mtu wa nani. Ukisema RCD, umejitaja mwasi mbele ya serikali. Ukisema serikali, namba ya matrikule iko wapi? Ukinyamaza, fomu inabaki nyeupe. Shauri langu: kohoa. Kikohozi hakina chama.

Ulikuwa Mai-Mai? Basi funika kovu. Si ninyi mliotuambia kwamba aliyenyunyiziwa dawa risasi humgeukia maji? Kovu lako ni shahidi wa mashitaka: ulivunja mwiko. Ulipeana mkono na mtu, au ulimgusa mwanamke, au ulionja kilichokatazwa. Kwa maneno mengine ulijiumiza mwenyewe, na sijasikia serikali inayomlipa mtu kwa kukosa adabu kwa mganga wake. Hoja hii nimeitafutia jibu miaka mingi, nimeshindwa. Mganga angeweza kukuandikia cheti, ila hana muhuri.

Mashahidi, sasa. Shahidi mzuri ni yule aliyekuwa karibu nawe, na yule aliyekuwa karibu nawe ndiye tuliyemzika. Aliyebaki hai ataulizwa alikuwa wapi ulipopigwa, naye hatapenda kueleza alikuwa anakimbilia wapi. Mwingine alichagua uraia. CONADER, tume ya kuwarudisha askari uraiani, ikampa dola 110 za kuondokea, kisha 25 kila mwezi kwa mwaka mmoja, na tangu hapo hataki kusikia habari za bunduki. Ukimkuta, mnunulie chai kwanza. Komanda wako ama amepanda cheo yuko Kinshasa, ama amerudi msituni. Nauli ni ile ile: huna.

Cheti cha daktari unaweza kukifuata Bukavu, kwa kupanda mlima wa Ngomo juu ya lori. Shika sana. Ukianguka kwenye kona zile, itaandikwa ajali ya barabarani, na mguu wa vita utakuwa umeuharibu kwa mguu wa safari. Tena waasi wa M23 waliuteka mji huo Februari 2025, kwa hiyo kabla ya kuipeleka Kinshasa karatasi ya huko, tazama vizuri ni muhuri wa nani. Ndiyo, mtu mmoja anaweza kujeruhiwa na upande mmoja kisha akathibitishiwa kidonda na upande huo huo. Ungedhani wao ndio wenye habari kamili.

Na kitu kidogo cha karani? Hicho tunakiita matabishi. Hakina fomu, ndiyo maana hakicheleweshwi.

Zaidi ya hapo ni subira. Bukavu kuna kambi iitwayo Saio, jina la mahali Ethiopia ambapo askari wa Kongo walishinda mwaka 1941. Mahali palipata kambi upesi. Watu walisubiri: Koplo Albert Kunyuku, aliyepelekwa Burma katika vita hivyo hivyo vya Pili vya Dunia, alivishwa nishani na Mfalme Philippe wa Ubelgiji mjini Kinshasa Juni 2022. Alikuwa na miaka 100.

Basi usitupe karatasi yoyote, na ule sombe kwa wingi.