Sifa za Vepu Isiyong'aa

Leo namsifu mtumishi mwaminifu kuliko wote nyumbani kwangu: ule mpako mweusi wa raba, usiong'aa, uliovishwa vepu, ile sigara ya kielektroniki, ya mpwa wangu. Ilikuja na basi kutoka Tunduma. Nilimnyang'anya, nikaitia mfukoni mwa sweta, na tangu siku hiyo naishi nayo. Ni laini kama ngozi ya ndama, haiponyoki mkononi, haichomi macho juani. Hizo sifa ndogo tuziache.

Sifa yake kuu ni kutunza kumbukumbu. Boksi lilidai haishiki alama za vidole. Unyenyekevu mtupu! Sumbawanga tuko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kiangazi upepo wa baridi hauji mikono mitupu. Unakuja na vumbi, na mpako unalipokea lote. Juu yake nimesoma wiki nzima ya ukoo wetu: Jumatatu unga wa mashineni, Jumanne mafuta ya dagaa, Alhamisi uzi wa sweta, na kando ya tundu la chaji, kidole cha mke wangu, aliyeapa hajawahi kuigusa. Wahunzi wa kale wa Ufipa, waliojenga malungu marefu kuliko mtu ili kuyeyusha chuma, walitoa majembe yaliyofifia hivi hivi, lakini jembe likilima linang'aa. Mpako huu haung'ai ng'o. Ukiufuta kwa kitambaa, unakula kitambaa.

Na ukizeeka, unanata. Aina nyingi za raba hii ni poliyurethani. Unyevu wa hewa na jasho la kiganja huikatakata polepole mpaka inakuwa gundi. Redio yangu ilifika hapo mwaka jana. Nilishinda kutwa nzima nikiichuna kwa spiriti, kucha nyeusi, kichwa kinauma, na bado inanata. Nani alimtuma mtu kuivalisha redio raba?

Samahani. Nilikuwa nasifu.

Turudi kwenye alama za vidole. Tangu 1 Mei 2019 laini za simu zinasajiliwa kwazo. Mwisho wa kusajili laini za zamani ulikuwa 31 Desemba, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020. Shangazi yangu amefukia majani kwenye matuta ya ntumba tangu usichana wake, na mpini umemsugua vidole vikang'aa kama kijiko. Nikampeleka kusajili laini yake kwenye kaunta moja, siitaji.

"Bibi, bonyeza tena."

Akabonyeza.

"Jifute kwenye nywele, halafu bonyeza."

Akajifuta, akabonyeza. Kidole cha kati. Cha mwisho. Mkono wa kushoto. Kijana akamgeukia mwenzake, shangazi akiwa pale pale anasikia: "Huyu hana vidole."

Hana vidole! Na huo ugali unaokula mchana, mahindi yake yamelimwa kwa meno? Mashine imenunuliwa ili isome watu, ikishindwa, anayeambiwa arudi kesho ni mtu. Nauli ya kesho hakuna aliyeitaja.

Jioni shangazi aliikuta vepu mezani, akaiokota.

"Hiki kitochi cha nani?"

Alipoirudisha, kidole gumba chake kilikuwa kimebaki pale, chote, hadi kovu la mundu lililokatiza katikati. Kwenye raba ya dukani! Nimeifunga kwenye gazeti isiguswe. Jumatatu tunarudi kaunta, mimi, shangazi na vepu, tuone nani atasajiliwa.