Sifa za Kutu, Mkaguzi wa Karakana ya Nyumbani

Katika miongozo ya ufundi kutu hupewa nafasi ya mwisho, pengine aya mbili baada ya mchwa na kabla ya wezi, na hutajwa kwa kauli ambazo mwandishi mstaarabu hangethubutu kuzitumia hata kwa mdaiwa sugu. Uonevu huo unastahili kusahihishwa. Mtu anayeanzisha karakana ya nyumbani, yaani chumba au banda la uani lenye meza ya kazi na zana za useremala na ufundi chuma kwa ajili ya kazi zake mwenyewe, huzungukwa na washauri wengi: muuza vifaa humshauri anunue zaidi, jirani humshauri anunue kile ambacho jirani mwenyewe angependa kukiazima, na mwenzi wake wa ndoa humshauri asinunue chochote. Kutu peke yake haina bidhaa ya kuuza wala masilahi ya kulinda, na katika mwambao wa Afrika Mashariki, kuanzia Lamu hadi Mtwara, ndiyo pekee inayofika kazini kila usiku bila kuitwa.

Asili yake ni ya unyenyekevu. Kutu ni oksidi ya chuma iliyochanganyika na maji, nayo huzaliwa pale chuma kinapokutana na oksijeni ya hewani na unyevu kwa wakati mmoja. Kikikosekana kimojawapo kati ya hivyo viwili, haizaliwi. Haidai mvua wala dimbwi, kwa kuwa unyevu-hewa, yaani kiasi cha mvuke uliomo hewani kikilinganishwa na kile ambacho hewa ingeweza kukibeba katika joto lile lile, ukipita asilimia 60 hivi, utando wa maji usioonekana kwa macho hutanda juu ya chuma na kazi ikaanza. Mombasa, Unguja na Dar es Salaam huishi juu ya kiwango hicho karibu mwaka mzima, na upepo wa bahari huleta chumvi, ambayo hurahisisha kupita kwa chaji za umeme katika utando huo na kuvuta mvuke hata pale hewa inapodhaniwa kuwa kavu. Aluminiamu nayo huungana na oksijeni, lakini hujifunika ngozi nyembamba ngumu kisha ikaacha kazi hapo hapo, kama karani aliyegonga muhuri barua moja na kwenda kunywa chai. Kutu ina bidii ya namna nyingine: ina vitundu vingi, hujaza nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hubanduka magamba magamba, na kila gamba linaloanguka huifungulia njia ya kuendelea mpaka chuma chote kiishe.

Huduma yake ya kwanza kwa karakana ni ya usanifu. Mwenye nyumba akiachiwa uhuru wake huweka meza ya kazi kwenye baraza inayotazama bahari, apate upepo na mandhari, na masanduku ya zana huyapanga sakafuni kwa sababu sakafu haina gharama. Kutu humrekebisha taratibu. Humwonyesha kwamba dirisha lifaalo ni lile la upande wa bara. Kwamba sakafu ya saruji iliyomwagwa bila karatasi ya nailoni chini yake hupandisha unyevu kutoka ardhini, hivyo rafu lazima ziinuliwe. Na kwamba paa la bati lisilo na dari hupoa haraka usiku, mvuke ukageuka matone upande wake wa ndani na kudondoka juu ya jiliwa, kile kibano kikubwa cha chuma kinachofungwa mezani ili kushika kazi. Mahali hasa matone yanapoangukia hujulikana asubuhi kwa wekundu wake, bila mpimaji wala ramani. Hata waashi hawasalimiki, kwani aliyechanganya zege kwa mchanga wa ufukweni ili apunguze gharama huacha chumvi ndani ya linta, na baada ya muda nondo hushika kutu, hunenepa, hulipasua zege, na nyufa zikafuata mstari wa nondo kwa usahihi ambao mwashi mwenyewe hakuuonyesha alipokuwa akizipanga.

Hata hivyo ni katika ukaguzi wa zana ambapo kipaji chake huonekana kikamilifu. Inajulikana kwamba mtu anayeandaa karakana hununua kwa matumaini: patasi sita wakati kazi zake zinahitaji mbili, keekee na biti zake zote, tupa za kunolea misumeno ambayo hajawahi kuinoa, na randa tatu za urefu tofauti kwa sababu kitabu kimoja kilisema seremala kamili anazo tatu. Risiti huthibitisha kwamba fedha zilitoka, na mpangilio mzuri ukutani huthibitisha kwamba misumari ya kutundikia ilipatikana, lakini hakuna kati ya hivyo viwili kinachothibitisha kazi. Kutu huthibitisha. Randa inayotumika kila siku husuguliwa na mbao na kufutwa na mikono, tumbo lake likabaki liking'aa, wakati ile iliyonunuliwa kwa ajili ya samani zitakazoundwa mwakani huvaa wekundu ulioenea sawasawa kutoka ncha hadi ncha. Msimu mmoja wa masika, yaani mvua za Machi hadi Mei, hutosha kutenganisha kazi ambazo mwenye karakana hufanya na zile ambazo huzizungumzia. Ukaguzi huo haupokei maelezo, hauahirishwi kwa safari, na unafaa kuigwa na mashirika kadhaa ambayo hapa si mahali pa kuyataja.

Ukaguzi huo haubagui tabaka. Seti ya gharama kubwa iliyolazwa katika sanduku la plastiki lenye sponji ndani ndiyo mara nyingi hutangulia kuliwa, kwa kuwa sponji hushika unyevu na kifuniko huuzuia kutoka, ilhali nyundo ya bei ndogo iliyotundikwa ukutani ambako hewa hupita husalimika. Jasho la mikono nalo lina chumvi, hivyo mtu aliyeazima rula ya pembemraba akairudisha bila kuifuta huacha alama za vidole vyake zikiwa zimechapwa kwa rangi ya hudhurungi juu ya chuma, ushahidi ambao mwazimaji huukana kwa maneno tu.

Ukongwe wa mtumishi huyu katika pwani hii haupungui ukongwe wa biashara yenyewe. Mwongozo wa Bahari ya Eritrea, maandishi ya Kigiriki ambayo kwa kawaida huwekwa katika karne ya 1 BK, unataja mikuki, vishoka, majambia na nyenzo za kutobolea kuwa bidhaa zilizoletwa kwa wakazi wa mwambao, na upande wa Ziwa Victoria wafua chuma wa Buhaya walikuwa wakiyeyusha chuma chao wenyewe takriban miaka 2,000 iliyopita. Wanaakiolojia huokota mavi ya chuma, yaani taka zinazobaki baada ya uyeyushaji, kwa wingi kuliko wanavyookota zana zenyewe, na sehemu kubwa ya sifa kwa tofauti hiyo ni ya kutu. Waundaji wa mitepe pekee ndio waliothubutu kuinyima ajira, kwa kushona mbao za jahazi kwa kamba za nazi pasipo msumari hata mmoja. Kutu haikulalamika, ilisubiri, na mitepe ya mwisho iliundwa mwanzoni mwa karne ya 20, wakati misumari ya chuma ilikuwa imekwisha kushinda.

Mtu mwenye mfuko mwembamba ndiye anayedaiwa shukrani kubwa zaidi, kwa sababu bila kutu asingemiliki zana bora. Kwa wauza vyuma chakavu, Gerezani jijini Dar es Salaam au Gikomba jijini Nairobi, randa ya feleji nzuri, yaani chuma kigumu chenye kaboni kinachoshika makali, inaweza kupatikana kwa bei inayokaribiana na ya uzito wake, kwa sharti tu kwamba imefunikwa na kutu kiasi cha kumtisha mnunuzi mwenye haraka. Wekundu huo ndio unaoilinda isinunuliwe na mtu asiyeijua. Akiisha kuifikisha nyumbani, mnunuzi huingizwa katika elimu ya kemia ambayo shule ilimfundisha bila mafanikio: siki, ndimu na ukwaju huyeyusha kutu kwa asidi zake, lakini vikiachwa muda mrefu hula na chuma kizima, na zana ikitolewa humo bila kusuuzwa na kukaushwa upesi huota kutu mpya ya rangi ya chungwa mbele ya macho ya mwenyewe, jambo linaloonyesha kwamba mkaguzi aliyefukuzwa hana kinyongo.

Njia ya kisomi zaidi ni ya umeme. Magadi yale yale yanayolainisha maharage jikoni, na ambayo huvunwa katika maziwa kama Magadi nchini Kenya na Natron nchini Tanzania, huyeyushwa katika ndoo ya plastiki ili maji yapitishe umeme. Zana yenye kutu hufungwa kwenye waya hasi wa chaja ya betri ya gari, kipande cha chuma kisicho na thamani hufungwa kwenye waya chanya, na viwili hivyo huachwa bila kugusana. Umeme ukipita, kutu hulegea na sehemu yake hugeuka unga mweusi unaotoka kwa brashi, na chuma kizima hakiliwi. Kazi hii hufanyiwa nje penye hewa na mbali na moto, kwa sababu mapovu yanayopanda upande wa zana ni haidrojeni, gesi inayolipuka. Na kipande cha upande chanya kisiwe cha chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa hicho hutoa majini sumu ya kromiamu. Kwa hiyo chuma ambacho kutu hukidharau ndicho hicho hicho kinachokataliwa ndooni.

Kuna shutuma moja inayopaswa kukanushwa bila mzaha, nayo ni ya pepopunda. Watu wengi huamini kwamba ugonjwa huo hutokana na kutu ya msumari, wakati husababishwa na bakteria wanaoishi udongoni na katika kinyesi cha wanyama, ambao hustawi ndani ya jeraha lenye kina lisilofikiwa na hewa. Msumari mpya uliolala zizini unaweza kuupeleka mwilini sawa na mkongwe, na kinachomlinda fundi ni chanjo, si kung'aa kwa msumari. Kutu imebeba lawama hiyo kwa vizazi vingi kwa sababu tu hupatikana mara kwa mara katika eneo la tukio.

Wakati inaposhutumiwa hivyo, huendelea kutumika kimyakimya kwa wale wanaoishutumu. Unga mwekundu ambao masonara hung'arishia dhahabu, na ambao fundi anayejali makali huupaka kwenye mkanda wa ngozi kumalizia kunoa patasi, ni oksidi ya chuma iliyosagwa laini sana, ndugu wa damu wa ile aliyotoka kuikwangua kwa msasa asubuhi ile ile. Tanini, yaani dawa ya kukaushia ngozi inayopatikana kwa wingi katika magome ya mikoko, ikikutana na kutu huigeuza kuwa utando mweusi ambao hupunguza mwendo wa kutu iliyo chini yake. Nguzo ya chuma ya Delhi nchini India, yenye urefu wa mita 7 hivi na uzito unaozidi tani 6, imesimama nje kwa zaidi ya miaka 1,500 na husifiwa kila mahali kwa kuikataa kutu. Wachunguzi waliogundua kwamba fosforasi iliyomo ndani yake huijengea utando mwembamba wa kinga waliona pia kwamba utando huo wenyewe ni zao la kutu, habari ambayo haisimuliwi sana na wanaoisifu nguzo hiyo.

Ulinzi ni huduma nyingine ambayo hailipwi. Msumeno wenye kutu hauazimwi, na kwa hiyo haurudishwi ukiwa na meno pungufu. Mwizi apimaye kwa tochi huupita. Boliti na nati zilizoshikana kwa kutu hazilegei kwa mtikisiko wa mashine, uaminifu ambao hutambulika siku ile tu mtu anapotaka kuzifungua na kulazimika kutumia mafuta ya kupenyeza, nyundo, moto, na hatimaye tindo.

Itakuwa si haki kuficha kasoro yake moja, kwamba mkaguzi huyu hupokea rushwa. Kiwango chake ni kidogo: kitambaa kilicholoweshwa mafuta ya nazi au ya mashine, kikipitishwa juu ya zana kila baada ya kazi, nta ya nyuki kwenye bapa la msumeno, kafuri iliyowekwa katika droo inayofungika vizuri. Lakini haipokei malipo ya mwaka mzima kwa mkupuo, na aliyelipa mwezi wa Januari hapati nafuu yoyote mwezi wa Aprili. Wapo waliokusudia kuikwepa kabisa kwa kununua zana za chuma kisichoshika kutu, kile chenye kromiamu ambacho Harry Brearley alikitengeneza mjini Sheffield mwaka 1913. Zikiachwa barazani zikipigwa na upepo wa bahari bila kufutwa, hata hizo hutokewa na madoa ya rangi ya chai, na mwenye nazo hurudi kwenye kitambaa kile kile cha mafuta ya nazi, pamoja na wenzake waliolipa bei ndogo.