Jinsi ya Kutopotea Ulaya Ukiwa Uluguru

Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, aina mpya ya mgeni imeonekana Kihonda, mjini Morogoro. Ni mtu mzima mwenye akili zake, kavaa koti zito juani, anamuuliza kijana wa bodaboda wapi atapiga picha "kama Ulaya". Mwongozo huu ni wake. Ausome angali bondeni. Juu kule mlimani Uluguru mtandao husumbua na ukungu hauombi radhi.

Kwanza, jua unachokitafuta. Sprusi, ule mti wa kadi za Krismasi wenye theluji mabegani, ni mwenyeji wa Norway, Sweden, Urusi na Canada. Umbo lake la pia iliyogeuzwa husaidia theluji iteleze, na sindano zake zenye nta hubana maji wakati ardhi imeganda na mizizi haipati kitu. Ni mti uliofunzwa ubahili. Sasa uulete Uluguru, mlima unaotoa maji mpaka Mto Ruvu ukayafikishe kwenye mabomba ya Dar es Salaam! Ungeona aibu.

Pili, usidanganywe na mvinje. Umeuzoea ufukweni Bagamoyo: unapiga mluzi upepo ukivuma, una kitu kama sindano na vitufe kama koni. Yote ni maigizo. Mvinje ni mti wa maua na hauna undugu na misonobari. Zile "sindano" ni vijiti vyembamba, na majani yenyewe ni magamba madogo mno kwenye vifundo. Mwenzako akishikilia kwamba ni mpaini, vuta kijiti kimoja mbele yake. Kitaachana pingili kwa pingili. Fanya hivyo kwa upole. Ndoa zimevunjika kwa madogo zaidi.

Tatu, mpaini na msaiprasi. Hapa ndipo picha nyingi za "Ulaya ndogo" hupigwa, na hapa ndipo msafiri hupotea kwa kilomita maelfu. Mpaini aina ya patula, uliojaa kwenye mashamba ya serikali kama Sao Hill kule Mufindi, kwao ni Mexico. Msaiprasi unaopandwa sana nchini nao umetoka Mexico na Amerika ya Kati. Kwa hiyo vua koti, tafuta kofia pana, na urekebishe maelezo ya picha yako. Kuitofautisha si kazi: sindano za patula huning'inia kwa vifungu, kwa kawaida tatu tatu, msaiprasi mkubwa una magamba yaliyokumbatia kijiti. Usiwashe moto chini ya wowote kati ya hiyo miwili. Sindano zilizokauka hazina subira, na kiangazi wenyeji wana mioto ya kutosha ya kukimbizana nayo.

Nne, podo. Huu ndio mwenyewe: mti wa jamii ya misonobari uliokuwapo Uluguru kabla ya bwana misitu yeyote. Unakaa juu, kwenye migongo yenye ukungu ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008. Mlima wenyewe, kileleni Kimhandu, unafika mita 2,634. Pitia kwanza ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) uchukue kibali, kisha uandamane na mwenyeji, maana peke yako utaupita. Jani lake ni bapa, refu kiasi, limechongoka. Koni ya mbao hauna. Mti wa kike hubeba mbegu iliyokalia kikonyo chenye nyama, na ndege wanaifahamu kuliko wewe. Mwenyeji akikuonyesha, jizuie kusema "huu nao?" Yeye ameshalisikia swali hilo kwa kila mwenye koti.

Tano, usije na mche wa zawadi. Kwa mila ya Waluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo hufuata upande wa mama. Anayeazimwa shamba hulima mahindi na maharage, mti wa kudumu hapandi, kwa kuwa mti ni dai. Chomeka mpaini mmoja kwenye kona ya shamba la rafiki yako, nawe utamwona mjomba mtu amefika kabla chai haijapoa. Mwamkie shikamoo, ung'oe mche, umalize chai.

Sita, Krismasi. Usikate chochote hifadhini. Kesi yake ni ndefu kuliko sikukuu. Desemba mjini Morogoro kuna mkrismasi, ule mti wa barabarani unaowaka maua mekundu pasipo kuombwa wala kulipwa. Kama moyo umekataa katakata na unadai sprusi, nenda dukani ukanunue wa plastiki, theluji imeshapuliziwa kiwandani. Huo hauombi kibali cha TFS, jua la Kihonda haulijali, na mjomba hatakuwa na neno nao, kwa kuwa hauna mizizi.