Kichujio na Mwenye Misuli

Kichujio cha lenzi kikigoma kufunguka, wapiga picha wengi wa harusi hutafuta kwanza mwenye misuli. Huyo hubana ringi ya milimita 77 kwa vidole viwili, akakaza na meno. Ndipo anapoharibu. Mara nyingi ringi ni aluminiamu nyembamba. Ikibanwa pande mbili hupata umbo la yai, na nyuzi zake huzidi kung'ang'ania. Kumbe bingwa anafunga!

Rababendi ya kufungia noti ingetosha: izungushwe ukingoni, vidole vyote vishike kwa wepesi, kisha ringi izungushwe kinyume cha saa. Lakini nani atasifiwa kwa rababendi?

Ringi za aloi ya shaba na zinki hukwama mara chache zaidi, ila bei yake nayo hubana.